Doa la Biriani na Papara ya Jiki

Ijumaa baada ya swala, nyumba nyingi za Kariakoo na Gerezani hunukia pilau na biriani, na anayelipia ulaji huo mara nyingi ni kanzu nyeupe. Rojo linadondoka kifuani. Mwenye kanzu analifuta kwa kiganja, linatanuka. Jioni vazi linaingia kwenye beseni, doa linapakwa sabuni ya mche, na papo hapo ile njano inageuka nyekundu. Anayefua anashtuka. Kwa akili yake, sabuni imeharibu kanzu ya watu, na kinachofuata ni kunyoosha mkono kuchukua chupa ya jiki.

Kumbe hakuna kilichoharibika. Rangi ya bizari ya manjano inatokana na kemikali iitwayo kurkumini, na kurkumini hubadilika rangi ikikutana na kitu chenye ukali wa magadi, kama ilivyo sabuni ya mche. Wanafunzi wa kemia huloweka karatasi kwenye maji ya manjano na kuitumia kupimia vimiminika, kwa sababu ya tabia hiyohiyo. Kanzu ikisuuzwa, na hasa ikipitishwa kwenye maji yenye ndimu kidogo, wekundu hurudi kuwa njano. Na hiyo njano inayobaki ina adui asiyeuzwa dukani, nalo ni jua. Kurkumini haivumilii mwanga. Kanzu iliyofuliwa kwa sabuni, ikasuuzwa sawasawa, ikaanikwa ikiwa bado mbichi huku doa likielekezwa juani, hupoteza sehemu kubwa ya alama hiyo kwa siku moja au mbili za jua la Dar es Salaam. Pakibaki kivuli, inaloweshwa na kuanikwa tena.

Mazungumzo ya leo, msikilizaji, yanahusu papara hiyo ya kukimbilia jiki. Nguo nyingi zilizoishia kuwa matambara ya kudekia hazikuharibiwa na doa lenyewe. Ziliharibiwa na dawa iliyomiminwa kabla ya mtu kujiuliza doa ni la nini, liko kwenye kitambaa gani, na maji yaliyomo kwenye ndoo ni ya wapi.

Kariakoo yenyewe inachochea papara. Mteja akisimama mbele ya meza ya machinga pale Mtaa wa Kongo na kuuliza, "Kaka, una dawa ya madoa?" jibu liko tayari: "Chukua jiki dada yangu, hii inatoa kila kitu." Ni kweli kwa maana moja tu, kwamba jiki linatoa mpaka rangi ya nguo. Na bado, hatua chache kutoka hapo, dawa nyingine zimetandazwa chini bila mtu kuziita dawa za madoa: ndimu kwa mafungu, siki, chumvi, magadi ya mabonge yanayonunuliwa kwa ajili ya maharage na makande. Soko la Kariakoo, lililochorwa na msanifu Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021, limekuwa kwa miaka yote hiyo chimbuko la madoa na duka la tiba zake kwa wakati mmoja. Ndizi zinazotoa utomvu na ndimu zinazoondoa kutu ziliuzwa chini ya paa lilelile, na ghala la chini wanaloliita Shimoni likiwa limejaa vyote viwili.

Tuseme kwanza jiki ni nini. Ndani ya chupa mna maji yenye hipokloriti ya sodiamu, kwa kawaida asilimia chache tu. Ujuzi wake ulianza Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18, baada ya mwanakemia Claude Louis Berthollet kuonyesha kwamba klorini inaweza kung'arisha vitambaa, na maji hayo yakapewa jina la Javel, kijiji ambacho leo kimemezwa na jiji la Paris. Jiki halisafishi kama sabuni inavyosafisha. Sabuni hung'oa uchafu kutoka kwenye uzi na kuondoka nao. Jiki huvunja kemikali inayobeba rangi, hata kama kitu chenyewe bado kimekaa palepale. Kwa pamba nyeupe, likipimwa na kuchanganywa na maji mengi, linafaa. Kwa sufu, hariri, nailoni na nguo zenye mpira wa kuvutika, ni balaa: zinageuka njano na nyuzi zinalegea. Halafu chupa iliyokaa juani mbele ya duka kwa wiki kadhaa inapoteza nguvu, kwa hiyo mnunuzi analipia maji yenye harufu na, akiona halifanyi kazi, anamimina mara mbili.

Kuna jambo lililobadilika Kariakoo ambalo wafuaji wanalijua mwilini ingawa hawalisemi. Nyumba ya zamani ya mtaa, ile ya Kiswahili yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, ilikuwa na ua nyuma. Uani palikuwa na jiko, choo, kisima au pipa la maji, na kamba. Shuka lilianikwa likapigwa na jua kuanzia asubuhi. Tangu miaka ya 1990 nyumba hizo zimekuwa zikibomolewa moja baada ya nyingine na kupisha maghorofa. Duka liko chini, stoo juu yake, familia juu kabisa, na nguo zinaanikwa kwenye kibaraza chembamba kinachotazamana na ukuta wa ghorofa la jirani. Jua linapita saa moja au mbili, basi. Bibi aliyekuwa anaondoa doa la manjano kwa kuligeuzia juani hakuwa mjinga wa kemia. Mjukuu wake anayetumia jiki kwa kila kitu, kwa upande wake, amepungukiwa na ua.

Ndiyo maana kipindi cha masika, kati ya Machi na Mei, kibaraza hicho huzaa doa la aina yake: vidoti vyeusi vya ukungu kwenye nguo iliyokaa na unyevu usiku kucha. Ukungu ni kiumbe hai, unakula wanga na uchafu uliobaki kwenye kitambaa. Kwenye pamba nyeupe, hapo jiki lina kazi halali. Kwenye nguo ya rangi, dawa ni kufua mapema vidoti vikiwa bado vichanga, kuloweka kwenye siki iliyochanganywa na maji, na kutafuta jua kwa udi na uvumba, hata ikibidi kumwomba jirani wa ghorofa la juu nafasi ya kamba kwenye paa. Ukungu uliokomaa kwenye dera la rangi hautoki wote, na ni afadhali mtu aambiwe hivyo mapema.

Maji nayo yana mkono wake. Maji ya bomba ya jiji hutoka zaidi Mto Ruvu, kwenye mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini. Mto ukipungua, kama ilivyokuwa Oktoba 2022 mpaka mamlaka ya maji ya jiji, DAWASA, ikatangaza mgawo, watu hurudi kwenye visima, na visima vingi vya Dar es Salaam ni vya maji ya chumvi. Kwenye maji hayo sabuni ya mche haitoi povu. Chokaa iliyoyeyuka ndani yake hukamatana na sabuni na kutengeneza utando wa kijivu, na utando huo hubaki kwenye kola na kwenye mishono. Mtu anaona shati jeupe limefubaa, anadhani ni uchafu, anaongeza sabuni, utando unazidi.

Hapa magadi yanapaswa kurudishiwa heshima yake. Magadi ya dukani ni chumvi za asili zinazopatikana kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, kama Ziwa Natron upande wa Tanzania na Ziwa Magadi upande wa Kenya, ambako kampuni ya kuchimba magadi imekuwapo tangu mwaka 1911. Magadi hufanya ile chokaa ya kwenye maji ijikusanye na kutua chini, hivyo sabuni inabaki na kazi moja tu ya kusafisha. Kipande kidogo kinayeyushwa kwenye maji, yanachujwa kwa kitambaa kwa sababu ya mchanga, kisha yanamiminwa kwenye ndoo ya kulowekea. Yanasaidia pia kuvunja mafuta. Ila yasiguse sufu wala hariri, na mikono yenye vidonda ikae mbali nayo.

Maji ya mvua, kwa yule mwenye mahali pa kuyakinga, hayana tatizo hilo kabisa.

Sasa madoa yenyewe. Damu ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko yote jinsi haraka inavyoponza. Ndani ya damu mna protini, na protini ikipata joto huganda, kama ute wa yai kwenye kikaango. Mtu mwenye nia njema akichemsha maji kwa ajili ya shuka lenye damu, anaipika damu ndani ya uzi. Maji baridi ndiyo dawa, tena mengi, na chumvi kidogo, kabla doa halijakauka. Tatizo la mjini ni kwamba maji ya bomba ya Dar es Salaam saa nane mchana hayana ubaridi wa kujivunia, kwa hiyo kipande cha barafu si anasa. Mafundi cherehani wanaojichoma sindano wana njia yao ya zamani: wanatia mate kwenye kipande cha uzi na kugusa tone la damu papo hapo. Kwa doa lililokauka, duka la dawa linauza haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kwa ajili ya vidonda. Ikigusa damu inatoa povu, kwa sababu damu ina kimeng'enya kinachoivunja na kutoa hewa ya oksijeni, na ile oksijeni hufifisha rangi. Ijaribiwe kwanza kwenye pindo la ndani, maana nguo nyingine za rangi haziipendi.

Maziwa, mayai, jasho, matapishi ya mtoto, vyote viko kwenye kundi hilohilo la protini. Sabuni nyingi za unga za siku hizi zina vimeng'enya vinavyokatakata protini. Wazo hilo si jipya: Mjerumani Otto Röhm aliliwekea hataza mwaka 1913, akitumia vimeng'enya vya kongosho la wanyama. Vimeng'enya hufanya kazi polepole, kwenye maji ya vuguvugu, nguo ikiwa imelowekwa. Akitokea mtu akamimina maji yanayochemka juu ya unga huo, au akaongeza jiki kwenye beseni lilelile ili "kutilia nguvu", vimeng'enya vinakufa na pesa yake imeshamwagika.

Chai ni kisa kingine. Chai ya rangi na kahawa chungu inayouzwa kwa vikombe vidogo vina tanini, na tanini hazielewani na sabuni ya mche, kwa sababu sabuni hiyo inaweza kulifanya doa ling'ang'anie. Bora maji mengi kwanza, kisha siki kidogo, kisha sabuni ya unga au ya maji. Ikiwa ni chai ya maziwa, hayo ni madoa mawili katika moja, na lile la maziwa linataka maji yasiyo ya moto.

Kwenye ukoo huohuo yumo jitu kubwa: utomvu wa ndizi. Wapagazi wanaoshusha mikungu, iwe Kariakoo au kwenye soko la Mabibo linaloitwa Mahakama ya Ndizi, hawavai nguo nzuri kazini, na wana sababu. Utomvu ukiwa mbichi hauna rangi ya kutisha, karibu ni maji. Mtu haoni haja ya kuhangaika. Ukikaa hewani, unakutana na oksijeni na kugeuka kahawia, halafu mweusi. Dakika za mwanzo, maji na sabuni vinaweza kuutoa wote. Ukishakuwa mweusi kwenye pamba nyeupe, haidrojeni peroksaidi au jiki lililopunguzwa makali vinaweza kupigana nao. Kwenye shati la rangi, basi. Fundi wa kushona mifuko ndiye atakayefuata.

Watoto wana ubuyu. Ule wa Zanzibar uliopikwa kwa sukari, pilipili na rangi nyekundu, unaouzwa kwenye vipakiti karibu na kila shule, huacha ulimi mwekundu, vidole vyekundu na kifua cha shati chekundu. Mama anayeuona anahesabu shati limekwenda. Habari njema ni kwamba rangi nyingi za chakula huyeyuka kwenye maji na hazishikamani sana na pamba. Maji baridi yanayotiririka upande wa nyuma wa kitambaa, yakilisukuma doa lirudi lilikotoka, huondoa sehemu kubwa, na sabuni ya unga inamalizia. Lakini rangi hizohizo hupenda sufu na nailoni, kwa hiyo soksi nyeupe za nailoni huwa hazisameheki kirahisi. Shati la shule likiwa la pamba tupu ni bahati, na likiwa la tetroni, yaani pamba iliyochanganywa na poliesta, pia lina nafuu, mradi tu pasi isipite kabla ya doa kutoka.

Zambarau zinacheza mchezo unaofanana na wa manjano. Rangi yake hubadilika kwa sabuni na kuelekea ubuluu, na anayefua anadhani doa limezaa jingine. Ndimu au siki hulirudisha kwenye wekundu na kulilegeza, halafu ndipo ufuaji wa kawaida unafuata.

Wino wa kalamu ya Bic kwenye mfuko wa shati jeupe, hilo kila mwenye mtoto wa shule ya msingi analijua. Wino huo ni wa mafuta, maji hayauwezi. Unayeyuka kwa spiriti, na nyumba nyingi zina chupa ya kitakasa mikono, ambacho kwa sehemu kubwa ni alkoholi. Kitambaa chakavu kinawekwa chini ya doa, kitakasa kinadondoshewa juu, wino unahama kushuka kwenye kitambaa chakavu. Kinabadilishwa kila kinapojaa. Kosa la kawaida ni kusugua, na kusugua kunautandaza wino mpaka mfuko mzima unakuwa wa bluu. Mbali na jiko, tafadhali.

Bigijii iliyoganda kwenye suruali inataka barafu tu. Ikishakuwa ngumu, inabanduka.

Mafuta ya chipsi, ya vitumbua na ya mnyororo wa bodaboda yanataka mwendo wa namna tofauti, yaani ukavu kwanza. Unga wa sembe au poda ya mtoto unanyunyizwa juu ya doa bichi, unaachwa unyonye, unapanguswa, halafu sabuni ya vyombo inapakwa moja kwa moja kabla ya maji. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kwa ajili ya mafuta na inafanya kazi ileile kwenye nguo. Mafundi gereji wamezoea kutumia petroli au mafuta ya taa kutolea grisi, na ni kweli grisi inayeyuka. Lakini katika chumba kimoja cha ghorofa la Kariakoo, penye jiko la mkaa barazani na pasi ya mkaa pembeni, mvuke wa petroli hauhitaji kualikwa mara mbili. Jambo hilo halifai kabisa kufanyiwa ndani.

Na kwa kuwa pasi ya mkaa imetajwa: ina doa lake mwenyewe. Jivu na chembe za kutu huruka kwenye matundu yake na kutua kwenye kola, nazo zikikutana na unyevu zinakuwa alama za rangi ya chungwa. Kutu ndiyo inayowadanganya wafuaji wengi kuliko doa lolote. Ni chuma kilichoungana na oksijeni, na kazi ya jiki ni kuunguza vitu kwa oksijeni. Kwa hiyo jiki haliondoi kutu, linaikomaza. Dawa yake ni ile ya bei ndogo kabisa sokoni: ndimu na chumvi. Maji ya ndimu yanakamuliwa juu ya doa, chumvi inanyunyizwa, nguo inawekwa juani, na ikikauka inarudiwa. Asidi ya ndimu huyeyusha kutu na kukishika kile chuma ili maji yakiondoe. Wale wanaoanika kwenye waya mtupu badala ya kamba watairudia kazi hii kila wiki, na vibanio vyenye springi zenye kutu ni washirika wa waya huo.

Hapo kuna hatari inayopaswa kusemwa taratibu na wazi. Ndimu au siki isikutane na jiki. Mtu aliyejaribu ndimu ikakawia, akaamua kumimina jiki juu yake, anatoa gesi ya klorini kwenye bafu lisilo na dirisha. Ni gesi ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia kwenye mahandaki ya Ypres tarehe 22 Aprili 1915. Ya beseni ni kidogo, lakini macho yanawasha, kifua kinabana, na mwenye pumu anaweza kuhitaji kukimbizwa hospitali. Jiki lisichanganywe pia na dawa za kusafishia zenye amonia. Nguo isuuzwe mara kadhaa kabla ya kuhama kutoka dawa moja kwenda nyingine. Na jiki la kupima linalohamishiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa halina nafasi katika nyumba yenye mtoto.

Jasho la kwapani nalo lina hadithi kama ya kutu. Ile njano ngumu kwenye shati jeupe si jasho peke yake. Mara nyingi ni mafuta ya mwili na protini vilivyochanganyika na chumvi za aluminiamu zilizomo kwenye dawa za kuzuia jasho. Jiki huifanya njano hiyo izidi kukolea. Siki iliyochanganywa na maji, nguo ikalala humo kwa saa moja, kisha ikafuliwa kwa sabuni ya unga, inasaidia zaidi. Wachuuzi wa mitumba wa Mchikichini wanalijua vizuri hilo. Mnunuzi mzoefu akiokota shati kutoka kwenye lundo huligeuza ndani nje na kuanza kwapani na kwenye kola, kabla hata ya kuuliza bei, kwa kuwa doa lililosafiri na balo kutoka ng'ambo limeshapita miezi, pengine na mashine ya kukaushia, na halina tena ujana wa kung'olewa.

Bluu ya kusuuzia, ile ya kibonge, haiondoi doa. Inaongeza ubuluu kidogo ili jicho lisione njano. Ni ujanja wa zamani na hauna ubaya, ila utumike baada ya nguo kutakata.

Kisha kuna madoa ambayo nguo zenyewe zinapakana. Mtaa wa Uhuru unauza kanga kwa maelfu ya doti, na kanga mpya ina rangi iliyozidi ambayo haijashikwa na uzi. Ikilowekwa pamoja na shati jeupe, inachuja. Ushauri wa kuiloweka kwenye chumvi umeenea sana. Chumvi kweli hutumika kiwandani kuisukuma rangi iingie kwenye pamba wakati wa kutia rangi, lakini nyumbani haiifungi rangi iliyokwisha kulegea. Kinachosaidia ni kuifua peke yake mara mbili tatu za mwanzo, kwenye maji baridi, bila kuilaza usiku kucha.

Wapenzi wa mpira wana jaribio lao. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi na ya Yanga yako Jangwani, mwendo mfupi kwa miguu, na katikati yake familia nyingi zina watu wa pande zote mbili wanaotumia beseni moja. Jezi nyekundu ya bei ya chini ikichujia kwenye sare nyeupe ya mtoto wa Yanga, nyumba huwa haina amani. Fedheha hiyo ina dawa endapo sare haijakauka: itolewe mara moja, isuuzwe kwa maji mengi, ifuliwe tena kwa unga, isianikwe wala kupigwa pasi mpaka wekundu uishe. Rangi iliyohamia bado iko juu juu. Kukauka na joto ndivyo vinavyoipa uraia.

Kwa kila doa lililotajwa hapa, pasi ndiyo inayofunga mlango. Joto lake hupika protini, hukomaza tanini, na kwa nyuzi za kutengenezwa kiwandani husukuma mafuta ndani kabisa ya uzi. Nguo yenye alama yoyote, hata hafifu, irudi kwenye maji kabla ya pasi. Sheria hii haihitaji senti moja, na ndiyo inayovunjwa zaidi, hasa asubuhi ya kwenda kazini.

Wakati wa kwenda kwa dobi ni upi? Suti ya sufu, hariri, nguo yenye bitana na nguo ya harusi yenye nakshi, hizo zisijaribiwe nyumbani. Hina na piko zilizomwagika kwenye hariri pia, kwa sababu rangi ya hina hujifunga na protini, na hariri ni protini kama ilivyo ngozi ya bibi harusi. Usafi wa bila maji hutumia vimiminika vinavyoyeyusha mafuta bila kuivimbisha sufu. Kati ya watu wa kwanza kupata hataza ya njia ya kusafisha nguo kwa namna ya ukavu alikuwa Thomas Jennings, fundi cherehani mweusi wa New York, tarehe 3 Machi 1821. Dobi aambiwe ukweli: doa ni la nini, lina siku ngapi, na limeshamiminiwa nini. Wateja wengi huficha hilo la tatu kwa aibu, na dobi anaanza kazi gizani.

Yako madoa yatakayobaki. Kwa hayo, wengi huenda kununua kipakiti cha rangi nyeusi ya unga Kariakoo na kuichemsha nguo nzima kwenye sufuria la zamani. Kwa pamba, matokeo huwa mazuri. Shati la tetroni hutoka la kijivu, kwa sababu rangi hiyo hushika pamba tu na kuiacha poliesta ilivyo. Hata suruali ya pamba tupu hushonwa mara nyingi kwa uzi wa poliesta, kwa hiyo suruali itakuwa nyeusi na mishono yake itabaki na rangi ileile ya mwanzo. Mafundi wengine huipitia mishono hiyo upya kwa uzi mweusi, na bei ya kazi hiyo hupatanwa kabla cherehani haijazungushwa.